Kabla ya Kushika Pampu, Kaa Dakika Kumi Shambani



Mvua ya Oktoba ikishanyesha wiki mbili tatu hapa kwetu Kanyakine, kila mtu anajua kazi yake. Majembe yanatolewa, mbegu zinatafutwa, na njia za kwenda shambani zinajaa watu tangu alfajiri. Wakati huohuo kuna wafanyakazi wengine wanaoanza kazi. Hao hatuwaiti kwenye mkutano wala hatuwalipi. Ni nyuki, vipepeo, nzi wa maua, nyigu na wadudu wengine wengi.

Wenzetu wa Ulaya huwaona wadudu hawa wakirudi bustanini wakati baridi kali inapokwisha na miti inapochipua. Sisi theluji yetu inakaa kule juu kwenye kilele cha Mlima Kenya na haitusumbui. Kwetu sisi ni mvua inayoamsha maua: ile ya Machi mpaka Mei, na ile ya Oktoba mpaka Desemba. Maua yakifunguka, wadudu nao wanafika. Au tuseme, wanapaswa kufika.

Leo tunataka kuzungumza juu ya wafanyakazi hao. Kuna vikundi vinavyopoteza mavuno na pesa, halafu vinalaumu udongo, mbegu, au jirani mwenye kijicho. Kumbe shida ni kwamba hakuna mdudu aliyefika kwenye ua. Tunaandika pia kwa sababu sisi wenyewe tulikosea, na kosa letu linaweza kuwaokoa wengine.

KOSA LETU

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunatembelea kikundi cha akina mama waliopanda pasheni katika shamba la pamoja. Kila mama alikuwa ametoa pesa yake ya kununua miche, nguzo na waya. Miche ilipanda vizuri kwenye waya, ikachanua. Halafu maua yakaanza kuanguka. Yalikuwa yanafunguka asubuhi, yanafunga, na baada ya siku chache yako chini. Matunda yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole.

Walituita. Tulifika, tukatazama majani, tukaona wadudu wachache wanaonyonya. Tukasema bila kufikiri sana: "Pigeni dawa." Tena tuliwaambia wapige saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali, ili wamalize mapema waende kazi nyingine. Walifanya hivyo kila wiki. Pesa ya dawa ilitoka kwenye akiba ya kikundi. Maua yakazidi kuanguka.

Tuliporudi, mwekahazina alikuwa na uso wa hasira, na alikuwa na haki. Katika mkutano ule mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hasemi mengi, aliuliza: "Nyinyi hamjasikia kwamba shamba hili limenyamaza? Zamani asubuhi kulikuwa na mvumo. Siku hizi kimya."

Wengine walicheka kidogo. Lakini kesho yake tulikwenda mapema, tukakaa chini karibu na mstari mmoja wa pasheni, tukatazama maua dakika kumi kwa saa. Hatukuona hata nyuki mmoja. Tukahamia mstari wa pili, hali ni ileile. Yule mama alikuwa amesikia kitu ambacho sisi wenye vyeti hatukukisikia.

Tukaanza kuuliza vizuri. Uzio wa zamani wa shamba lile ulikuwa wa miti mikavu, na ndani ya miti ile walikuwa wakiishi nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao. Uzio ule ulikuwa umeng'olewa ukachomwa kuni, zikawekwa nguzo mpya zilizotiwa dawa ya mchwa. Nyuki wale wakakosa nyumba. Waliobaki na wale waliotoka mbali walikutana na pampu yetu saa tatu asubuhi, saa ile hasa ambayo ua la pasheni liko wazi. Yaani tulikuwa tunawalipisha akina mama ili wawaue wafanyakazi wao wenyewe.

KAZI YA MDUDU KWENYE UA

Tuanze mwanzo. Ua lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike. Sehemu ya kiume inatoa unga mwembamba unaoitwa chavua. Unga ule ni lazima ufike kwenye sehemu ya kike ndipo tunda lifungwe. Mimea mingine hutumia upepo kuubeba. Mahindi hufanya hivyo: unga unatoka kwenye ua la juu na kuangukia nywele za gunzi. Lakini mimea mingi haiwezi kutegemea upepo, kwa sababu unga wake ni mzito au unanata. Hiyo inahitaji mbebaji.

Mdudu hafiki kwenye ua kwa ajili ya kutusaidia sisi. Anafuata chakula: maji matamu ya ua, yaani nekta, na chavua yenyewe ambayo nyuki hulisha watoto wake. Akiingia, unga unashika kwenye manyoya yake. Akienda ua la pili, mwingine unabaki pale. Kazi imekwisha, na yeye hajui kwamba amefanya kazi.

Pasheni inaonyesha jambo hili vizuri. Ukilitazama ua lake, utaona sehemu za unga zinaning'inia juu, na sehemu za kike ziko juu yake. Nyuki wa asali ni mdogo. Anaweza kupita chini, akanywa nekta na kwenda zake bila kugusa kitu. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, mgongo wake unafika. Akipita anasugua unga, na akienda ua lingine anaupaka mahali pake. Pasheni ya zambarau hufungua maua yake alfajiri na kuyafunga kabla ya saa sita mchana. Ile ya manjano hufungua mchana na kufunga jioni, nayo haiwezi kujizalisha kwa unga wa mmea wake wenyewe.

NI MAZAO GANI YANAYOMHITAJI MDUDU?

Mwaka 2016 wataalamu wa nchi nyingi walitoa ripoti juu ya wadudu na wanyama wanaobeba chavua. Walisema kwamba katika kila aina nne za mazao ya chakula duniani, karibu tatu zinawategemea kwa kiasi fulani. Sasa tuangalie mazao yetu wenyewe, kutoka kwenye chai huko juu, kupitia kahawa, mpaka ndizi za Mitunguu kule chini.

Ndizi tunazokula hazihitaji nyuki. Hutunga bila mbegu. Majani ya chai pia hayahitaji nyuki, maana tunachuma jani na si tunda. Maharagwe kwa sehemu kubwa hujizalisha yenyewe, ingawa wadudu hutembelea maua yake.

Malenge ni jambo lingine kabisa. Mmea mmoja una maua ya kiume na maua ya kike. La kike utalijua kwa sababu lina kilenge kidogo chini yake. Hufunguka alfajiri kwa asubuhi moja tu, na kabla ya mchana limekwisha nyauka. Asubuhi ile ikipita bila mdudu, kile kilenge kidogo kinageuka manjano na kuoza. Akina mama wengi hufikiri ni ugonjwa. Mara nyingi ni upweke tu.

Parachichi, au ovakado, lina tabia ya kushangaza. Kila ua hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni la kike, linafunga. Kesho yake linafunguka tena likiwa la kiume. Ua la aina ya Hass huwa la kike asubuhi, na kesho yake mchana ni la kiume. Fuerte ni kinyume: mchana ni la kike, na kesho yake asubuhi ni la kiume. Kwa hiyo asubuhi Hass inahitaji unga ambao Fuerte inao. Nani ataupeleka? Nyuki, na nzi pia. Watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, wamefanya kazi hiyo na wakulima wa Murang'a. Walipoweka mizinga karibu na miparachichi, matunda yaliongezeka. Mkulima mwenye Hass peke yake afikirie kupanda mti mmoja mmoja wa Fuerte katikati.

Kahawa yetu ya arabika inaweza kujizalisha yenyewe. Kwa hiyo wengi husema, nyuki wa nini kwenye kahawa? Sikilizeni hadithi hii. Mwaka 1956 nyuki wa Afrika walichukuliwa kutoka Afrika Kusini na Tanganyika wakapelekwa Brazil. Mwaka uliofuata baadhi yao walitoroka, wakazaana, na baada ya miaka wakafika hadi Panama. Mwaka 2002 mtafiti David Roubik aliandika kwamba, kule Panama, kahawa iliyofikiwa na nyuki hao ilizaa zaidi kwa nusu na ziada kuliko ile iliyofungiwa wasiifikie. Hao ni jamaa wa nyuki wetu hawahawa tunaowafukuza kwa moshi. Na kumbukeni kwamba kahawa huchanua kwa siku mbili au tatu tu, siku chache baada ya mvua iliyofuata kiangazi. Siku zile zikiharibiwa, hakuna kuzirudisha.

Makadamia, maembe ya kule chini, mbaazi, alizeti na matikitimaji yote yanahitaji wageni wa maua. Nyanya nayo inapenda nyuki anayetikisa ua kwa mvumo, ili unga umwagike. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Wale wakubwa wanaotoboa mbao wanaijua.

DAKIKA KUMI: NAMNA YA KUTAZAMA

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Haina gharama. Unahitaji daftari, kalamu, saa na subira kidogo.

Chagua siku isiyo na mvua wala upepo mwingi, kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Chagua sehemu yenye maua, ukubwa wa hatua moja kwa hatua moja. Kaa kando usiifunike kwa kivuli chako, kisha utulie. Kwa dakika kumi hesabu kila mdudu anayegusa ua. Andika kwa mafungu manne: nyuki wa asali; nyuki wengine, wakubwa kwa wadogo; nzi wa maua; na wadudu wengine kama vipepeo, nyigu na mende wadogo. Usijali jina la kitaalamu. Andika tarehe, zao, na kama kuna mtu aliyepiga dawa karibuni, wewe au jirani.

Rudia kila wiki mpaka maua yaishe. Usishindane na mtu mwingine. Linganisha shamba lako na shamba lako, wiki hii na wiki ile. Ukiona hesabu imeanguka ghafla huku maua bado ni mengi, uliza kumetokea nini. Hapo ndipo kikundi kinapokuwa na nguvu. Watu ishirini wakihesabu katika mashamba ishirini, mnakuwa na ramani ya kijiji chenu ambayo hakuna ofisi inayoweza kuwapa.

Vijana wanaweza kuifanya kazi hii vizuri sana. Tumeona watoto wa shule wakiwatambua wadudu kuliko sisi wazee.

NANI NI NANI?

Nyuki wa asali mnamjua. Kuna pia nyuki wadogo sana weusi wasiodunga, wanaokaa kwenye mashimo ya miti na nyufa za kuta. Asali yao ni kidogo, lakini wazee wengi huithamini kama dawa. Kuna yule mkubwa mweusi wa mbao; wengine wao wana mkanda mweupe au wa manjano mgongoni. Anatisha kwa mvumo wake lakini hana haja na wewe. Na kuna nyuki wengi wanaoishi peke yao, kila jike na shimo lake ardhini au ndani ya mabua makavu. Hawa hawana mzinga, kwa hiyo hakuna mtu anayewatetea.

Nzi wa maua huwadanganya watu. Ana mistari ya manjano na meusi kama nyuki, lakini ana mabawa mawili tu, na anaweza kusimama hewani mahali pamoja kama amening'inizwa kwa uzi. Hana mwiba. Watoto wa aina nyingi za nzi hawa ni vifunza vidogo vinavyokula vidukari kwenye sukuma wiki na maharagwe. Ukiviona usiviponde.

Mdudu yule wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, naye anakula vidukari, na watoto wake pia. Nyigu anayejenga nyumba ya udongo chini ya paa hubeba viwavi au buibui kuwalisha watoto wake. Kwa hiyo si kila mdudu unayemkuta kwenye jani ni adui. Mtu anayepiga dawa kwa sababu tu ameona mdudu ni kama askari anayefyatua risasi sokoni kwa sababu amesikia kuna mwizi.

DAWA NA PAMPU

Hatusemi kwamba dawa isitumike kamwe. Tunajua mwenye kahawa ana taabu zake, na mwenye mishiri ana taabu zake. Lakini wakulima wa mishiri wanakumbuka mwaka 2013, Ulaya ilipoongeza ukaguzi wa maharagwe kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa. Dawa nyingi si mavuno mengi. Wakati mwingine ni soko kufungwa.

Tunaomba mambo haya yazingatiwe.

Kwanza, usipige dawa ya wadudu kwenye mmea uliochanua. Ngoja maua yaanguke. Na kama chini ya zao kuna magugu yaliyochanua, kishona-nguo kwa mfano, yafyeke kwanza, maana nyuki wako pale.

Pili, ikiwa hakuna budi kupiga, piga jioni jua likizama, wakati nyuki wamerudi nyumbani. Dawa itapata usiku mzima kukauka. Lakini fahamu kwamba kuna dawa zinazobaki kali kwa siku kadhaa, na nyingine huingia ndani ya mmea mpaka kwenye nekta. Kwa hizo, kupiga jioni hakutoshi. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa tatu za namna hiyo kutumiwa nje mashambani kwa sababu ya nyuki. Mojawapo ni imidaklopridi.

Tatu, soma karatasi ya chupa. Ile rangi iliyo chini ya karatasi, nyekundu, manjano, buluu au kijani, inaonyesha hatari kwa mtu. Haisemi lolote juu ya nyuki. Usidanganyike kwamba kijani ni salama kwa kila kiumbe. Tafuta maandishi yanayotaja nyuki. Kama huwezi kuyasoma, mwombe mwenye duka akusomee kabla hujatoa pesa.

Nne, usichanganye dawa mbili tatu kwenye pampu moja kwa kukisia. Na usioshee pampu mtoni. Nyuki hunywa maji, ng'ombe hunywa, na sisi pia.

Tano, jaribu njia nyepesi kwanza. Vidukari vichache vinaweza kuoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Viwavi wanaweza kuokotwa kwa mkono asubuhi. Ni kazi, ndiyo, lakini haitoi pesa mfukoni.

NYUKI HANA MPAKA

Hapa kuna jambo ambalo mtu mmoja hawezi kulimaliza. Nyuki wa asali huruka kilomita moja, mbili, hata tatu kutafuta chakula. Mashamba yetu hapa ni madogo. Nyuki mmoja asubuhi moja anaweza kupita juu ya mashamba ya familia nyingi. Wewe ukijizuia na jirani akapiga dawa saa tatu asubuhi, wewe ndiwe utakayekosa malenge. Na jirani akijizuia wewe ukapiga, utakuwa umemwibia bila kuvuka uzio wake.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kiweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano na kukubaliana mambo matatu tu: hakuna kupiga dawa ya wadudu asubuhi wakati wa maua, anayetaka kupiga atamwarifu jirani na mwenye mizinga siku moja kabla, na kila mwanachama ataacha kipembe kimoja cha shamba kwa ajili ya wadudu. Yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu, yasomwe, yapitishwe. Makubaliano ya mdomo husahaulika mvua ikianza.

NYUMBA NA CHAKULA

Kipembe hicho kiwe na nini? Chakula na makao. Acha maua ya manjano ya uani yachanue kabla ya kuyakata. Panda kaliandra, ambayo wakulima wa Embu wameilisha ng'ombe wa maziwa tangu miaka ya 1990. Maua yake mekundu nyuki huyapenda. Muringa na mgrevilea nayo ni miti ya nyuki. Ining'inize miti michache mikavu iliyooza kidogo, mbali na mbao za nyumba, kwa ajili ya nyuki wakubwa. Acha mahali padogo pasipolimwa, pa wale wanaoishi ardhini. Weka sahani ya maji yenye mawe ndani, wasimame wakinywa wasizame.

Vikundi vinavyotaka mizinga ni vema vianze na miwili mitatu. Mzinga wa vipande vya juu, uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970, unaweza kutengenezwa na seremala wa kijiji. Upake nta ndani na uuning'inize kabla ya msimu wa maua. Uwekwe mbali na njia, nyumba na mifugo iliyofungwa, kwa maana nyuki wetu ni wakali na mbuzi aliyefungwa hawezi kukimbia. Anayetaka mafunzo ya kina ajue kwamba Chuo cha Kilimo cha Baraka, Molo, kilichoanzishwa na Mabruda Wafransisko mwaka 1974, kinajulikana kwa kufundisha ufugaji wa nyuki.

AKINA MAMA WALE WALIISHIA WAPI?

Hatukuwapa dawa nyingine. Kwa msimu ule waliobakisha, walichavusha kwa mkono. Asubuhi walikwenda na brashi ndogo, wakichukua unga wa ua moja na kuupaka juu ya sehemu za kike za ua lingine. Hata malenge huweza kufanyiwa hivyo: chuma ua la kiume, toa majani yake, gusa katikati ya la kike. Walipeana zamu. Matunda yakafunga.

Halafu wakaning'iniza magogo makavu kwenye kona za shamba, wakaacha pampu ya asubuhi, na wakazungumza na majirani wawili. Hatutaki kudanganya: baadhi ya miche ilikuwa na ugonjwa wa kweli, ikang'olewa ikachomwa. Nyuki hawaponyi kila kitu. Lakini iliyobaki ilizaa, na akiba ya kikundi haikutumika tena kununua chupa kila wiki.

Safari yetu ya mwisho pale tulifika saa mbili asubuhi. Yule mama mzee alikuwa amekaa juu ya debe karibu na pasheni, mikono magotini. Tulipomsalimu, aliinua kidole tunyamaze. Tukanyamaza. Mvumo ulikuwa umerudi.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Sisi tumejifunza kwamba hata asiyependa asali inafaa amfuate, maana malenge yake, parachichi lake na pesa yake ya pasheni viko njia hiyohiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Tulipokuwa watoto tuliwaona wadudu gani shambani ambao leo hatuwaoni? Tunafikiri ni kwa nini?

2. Katika mazao yetu, ni yapi yanaangusha maua au vitunda? Je, kuna mtu aliyekaa akahesabu wageni wa maua yake?

3. Kikundi chetu kilitumia pesa ngapi kwa dawa za wadudu msimu uliopita? Ilipigwa saa ngapi, na mmea ukiwa katika hali gani?

4. Ni majirani gani wasio wanachama ambao ni lazima tuzungumze nao? Nani ataenda, na lini?